Usiku wa pili bila usingizi: kuitambua bipola inapolipuka na kukimbilia msaada mapema

Msiba ukitokea, ukoo hukesha. Harusi ikikaribia, vikao vya kamati huisha usiku wa manane. Mitihani ya chuo ikianza, wanafunzi hugongeana milango saa tisa usiku wakasome. Wengi wetu deni hilo la usingizi tunalilipa kwa kulala Jumapili nzima, basi. Mwenye bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu na kumshusha kupita kiasi, halilipi kirahisi hivyo. Kwake msongo wa mawazo ni nusu ya tatizo; nusu nyingine, na mara nyingi ndiyo mbaya zaidi, ni kukesha kunakoandamana nao. Ndugu huanza kuhesabu ugonjwa tangu siku mgonjwa alipofanya fujo barabarani, lakini ukiwadadisi taratibu utaambiwa alikuwa hajalala sawasawa tangu mazishi, na kila mtu alidhani ni uchungu.

Ninachosisitiza hapa ni kimoja: hatua zichukuliwe usiku wa pili, kabla ya ule wa saba. Nawaandikia ndugu, wenza na marafiki wa karibu, pamoja na mgonjwa mwenyewe akiwa katika siku zake za utulivu. Mifano mingi ni ya Tanzania, na Kenya nitaitaja inapohusika.

Kama hali imeshafika hapa, nenda hospitali sasa hivi

Usimalizie kusoma ikiwa mtu wako anasema anataka kufa au amejaribu kujidhuru, ameshika silaha, anasikia sauti zinazomwamuru, au amepitisha siku nzima bila kula wala kunywa maji. Usisubiri pia ikiwa ni mama aliyejifungua wiki chache zilizopita, akabadilika ghafla, halali, na anasema maneno yasiyoeleweka kuhusu mtoto. Huyu watu humwacha nyumbani wakidhani ni uchovu wa uzazi. Hali yake ni dharura sawa na kutokwa damu, na mtoto asiachwe naye peke yake hata kidogo.

Aliye na homa, aliyeumia kichwa, aliyepata degedege au asiyejua yuko wapi na leo ni siku gani, naye aende. Malaria kali, kushuka kwa sukari na maambukizi ya ubongo humfanya mtu aonekane amerukwa na akili, na maradhi hayo hayasubiri. Hata anayejulikana kwa miaka kumi kuwa na bipola anaugua malaria kama wengine. Apimwe.

Kenya kuna namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, simu ya bure kwa mtu aliyezidiwa kimawazo. Tanzania namba ya dharura ni 112, ingawa, tuseme ukweli, mitaa mingi gari la jirani hufika kabla ya msaada mwingine wowote.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Bipola humpandisha mtu juu kupita kiasi, kisha ikamshusha chini kupita kiasi, na katikati akawa mzima kabisa, anafanya kazi na kulea watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani walikuwa nayo. Kule kupanda madaktari hukuita mania, na kushuka ni sonona. Mania kamili kwa kawaida hudumu wiki moja au zaidi isipotibiwa. Sonona huanzia wiki mbili, na inaweza kukaa miezi.

Mania ikiwa changa haitishi. Inapendeza, na hapo ndipo inapotudanganya. Mtu aliyekuwa mkimya sasa anachekesha kikao kizima. Anaamka saa nane usiku kufua mapazia. Kabla ya chai ana mipango mitatu ya biashara, na wa tatu unahitaji kiwanja. Anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tano kwenye kundi la familia, halafu wa pili kabla watu hawajamaliza wa kwanza. Anagawa nguo zake. Anaongea haraka, anarukia mada, ukimkatiza anakuwa mkali. Wengine huanza kuona wametumwa na Mungu, au kwamba bosi amewawekea watu wa kuwafuatilia. Matamanio ya kimwili nayo hupanda, jambo ambalo familia huona haya kulisema kwa daktari, na kwa sababu hiyo hakuna anayekumbuka kupima VVU baadaye.

Utamtofautishaje na mtu aliyekosa usingizi kwa mawazo ya kawaida? Mwenye mawazo huamka amechoka, macho mekundu, anatamani kulala asiweze. Anayepanda hulala kwa muda wa saa mbili tu akaamka na nguvu za watu watatu, na ukimwambia apumzike anakushangaa.

Kuna hali ya tatu, ambayo mimi naiogopa kuliko hizo mbili: mseto. Mtu ana kasi na nguvu za mania lakini moyoni ana giza la sonona. Analia huku anatembea huku na huku, hatulii, anasema bora asingezaliwa. Aliyeshuka sana mara nyingi hana hata nguvu za kutoka kitandani. Huyu wa mseto anazo, kwa hiyo hatari ya kujiua ni kubwa kwake.

Tena usitafute chanzo kwenye mabaya peke yake. Kufukuzwa kazi, talaka, deni na msiba vinajulikana. Kupandishwa cheo, harusi, kupata kazi Muscat au Doha, safari ya ndege ya usiku kucha na zamu za usiku za walinzi na wauguzi pia huwasha moto uleule. Ongeza hapo kuacha dawa, pombe, bangi, mirungi, na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kila kioski. Baadhi ya dawa za hospitali nazo zimo: prednisoloni na deksamethasoni zinaweza kumpandisha mtu, na dawa za sonona kama amitriptilini zikitolewa peke yake, bila dawa ya kutuliza hisia, zinaweza kumtoa shimoni na kumrusha juu ya paa. Kila anayemwandikia dawa aambiwe: «Huyu aliwahi kupanda.»

Hatua ya pili: hesabu saa za kulala

Tafuta daftari la shule, la bei ndogo kabisa. Kila siku mstari mmoja: alilala saa ngapi, aliamka saa ngapi, dawa amekunywa au la, kuna nini kimetokea. Ukurasa wa mtu anayeanza kupanda huwa hivi:

Jumatatu: saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Dawa ndiyo.
Jumanne: taarifa ya msiba wa shangazi. Saa 8 usiku hadi saa 11. Dawa amesahau.
Jumatano: msibani. Hakulala. Hajachoka. Amepigia simu watu wengi, amechangia zaidi ya uwezo.

Usiku mmoja mbovu usikutie kiwewe, uangalie tu. Usiku wa pili akiwa amelala kidogo mno na bado hachoki, piga simu kliniki yake au nenda kamwone muuguzi wake asubuhi. Usiku wa tatu awe hospitali, hata kama anasalimia watu vizuri na anakuuliza hali ya watoto wako.

Hatua ya tatu: namna ya kumwambia

Achaguliwe mtu mmoja wa kuzungumza, yule anayemsikiliza siku zote. Wajomba watano wakikaa duara, hicho kimekuwa kikao cha mashtaka. Mazungumzo yaliyokwenda vizuri hufanana na haya, kati ya kijana na dada yake, nyuma ya turubai la msiba:

— Dada, mbona mnanifuatafuata? Mimi niko vizuri kuliko wote mlio hapa.
— Nakuona mdogo wangu, nguvu unazo. Ila hujalala tangu juzi, na mwenyewe uliniambia tukifika hapa nikukumbushe.
— Nitalala tukishamzika shangazi.
— Shangazi ana watu wengi wa kumkeshea. Wewe leo unalala kwangu, chumba cha nyuma, simu tunaiacha sebuleni. Asubuhi tunapita kliniki wote wawili, na mimi nikapime presha.
— Nikilala nusu saa tu inatosha.
— Haya, twende na hiyo nusu saa.

Dada hakusema «umeanza tena». Hakubishana kama ni mgonjwa au si mgonjwa. Ameshika usingizi, kitu ambacho hata kijana hawezi kukikana. Na hiyo presha iwe ya kweli. Kumdanganya mtu kwamba mnakwenda sokoni, kisha gari likaingia geti la hospitali, kunafanya kazi mara moja tu. Safari ijayo hatapanda gari lako.

Akisema mambo yasiyokuwepo, kwa mfano kwamba redio inamtaja jina, usimcheke wala usikubaliane naye. «Mimi siisikii, ila naona imekunyima raha» inatosha. Kaa pembeni yake, acha njia ya mlango wazi kwake na kwako, ongea polepole kuliko yeye.

Hatua ya nne: linda usiku huo

Chumba chenye giza, watu wachache, chakula cha kawaida, maji ya kutosha. Chai ya rangi, kahawa na pombe viondoke. Televisheni izimwe. Kama daktari alishampa dawa ya akiba ya kumsaidia kulala siku za namna hii, ndio wakati wake, kwa kiasi alichoandika. Usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa kukisia, na usimwongezee dozi ya dawa zake za kila siku ukidhani unafidia alizoruka.

Hapa linaingia suala la dini na waganga, na sitaki kulizunguka. Familia nyingi zitaita mchungaji, shehe au mganga kabla ya kuita daktari, na ukipinga moja kwa moja utapoteza nyumba nzima. Usipinge sala. Weka masharti: aje mchana, kusiwe na mkesha, mgonjwa asifungishwe kula, asifungwe kamba wala mnyororo, asinyweshwe dawa nyingine, na vidonge vyake visiachwe. Viongozi wengi wa dini wakielezwa hivyo huelewa, na baadhi yao ndio watakaomshawishi apande gari. Kwa Muislamu anayetumia dawa, mwezi wa Ramadhani upangwe na daktari mapema, kwa sababu taraweh na daku huvuruga usingizi, na anayetumia lithiamu, moja ya dawa za bipola, akikaukiwa maji mwilini dawa hiyo inaweza kupanda kwenye damu hadi ikawa sumu.

Wakati huohuo, fungeni mianya ya pesa. Simu ya mtu aliyepanda ni benki isiyofunga: mikopo ya papo hapo, kubashiri mechi, kutuma pesa kwa watu asiowajua. Huko mitaani kuna mikopo ya kausha damu, ambayo hutaka tu kitambulisho na televisheni ya sebuleni. Mwombe akukabidhi kadi ya benki, hati ya kiwanja na funguo za gari au pikipiki, ikiwezekana kwa makubaliano mliyoyafanya akiwa mzima. Ukivichukua kwa nguvu, mwenzako awepo ashuhudie, na viandikwe vilipowekwa.

Hatua ya tano: kumfikisha hospitali

Zahanati nyingi hazina dawa hizi. Nenda hospitali ya wilaya, au moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza idara ya dharura au kliniki ya afya ya akili. Kutoka hapo rufaa huweza kwenda KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Muhimbili, au Mirembe mjini Dodoma. Zanzibar ni Kidongo Chekundu. Nairobi ni Mathari, na Mombasa kuna kitengo cha Port Reitz. Jina la Mirembe limegeuzwa tusi mitaani, na wapo wanaochelewa kwa kuogopa jina tu. Wengi hawalazwi huko kabisa. Hutulizwa kwenye hospitali ya mkoa wakarudi nyumbani na dawa.

Safari iwe kwa gari, si bodaboda. Mgonjwa akae kiti cha nyuma, ndugu wawili anaowaamini wakiwa pande mbili, watu wasizidi hapo. Mkishindwa, mwombeni mwenyekiti wa mtaa, mtendaji au ofisa ustawi wa jamii awasaidie, na polisi wawe wa mwisho, wakielezwa mapema kwamba huyu ni mgonjwa na si mhalifu. Tanzania, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake kwa utaratibu maalumu. Si kwa sababu amekuudhi.

Kama amejidhuru, atibiwe kwanza. Ndugu mmoja afuatilie PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, mwenzake akiwa naye kitandani. Woga wa kushtakiwa umewafanya wengi wamfiche mgonjwa ndani. Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Tanzania Kanuni ya Adhabu imekuwa ikilitaja kuwa kosa, lakini hilo lisikufanye usubiri nyumbani: kazi ya daktari ni kutibu.

Beba dawa zote anazotumia zikiwa kwenye vifungashio vyake, pamoja na za presha, ARV na za uzazi wa mpango. Kadi ya kliniki, bima, kitambulisho, na lile daftari. Ukifika usianze na historia ya ukoo. Sema: «Ana bipola. Amelala kwa jumla ya saa tatu tu katika siku tatu. Hajanywa dawa tangu Jumanne. Alifiwa Jumanne. Hana homa. Jana alisema anataka kumfuata shangazi.» Daktari wa zamu mwenye foleni ndefu atainua kichwa.

Dawa: uliza kabla hujaondoka

Mkupuo wa kwanza mara nyingi ni dawa ya kutuliza, kama haloperidoli au olanzapini. Haloperidoli ina kisa chake. Siku moja au mbili baada ya sindano, shingo inaweza kupinda upande, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka nje. Nyumbani watu hukimbilia kusema amepandisha mashetani. Hilo ni dhara la dawa, linajulikana, na hutibika haraka kwa sindano au vidonge kama benzheksoli, ambavyo wengi huviita Artane. Mrudishe hospitali saa hiyohiyo, wala usimkatie tiba yote kwa sababu hiyo.

Za muda mrefu ni lithiamu, valproeti na kabamazepini. Anayetumia lithiamu apimwe damu mara kwa mara, pamoja na figo na tezi ya shingo, na asinunue ibuprofeni wala diklofenaki bila kuuliza. Akianza kutetemeka sana, kutapika, kuharisha na kuyumba kama mlevi, asinywe dozi inayofuata, aende hospitali. Valproeti humdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke anayeweza kushika mimba aombe kujadili nyingine. Kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti, na hupunguza pia dolutegraviri iliyomo kwenye ARV nyingi za sasa. Daktari wa kliniki moja huenda hajui kadi ya kliniki nyingine inasema nini. Wewe unajua, mwambie.

Akishuka

Wiki chache baada ya mania, familia hupumua: ametulia, halewi, hagombani. Mtazame tena. Hali chakula, haogi, haangalii watu usoni, anaona aibu kwa aliyoyafanya. Muulize waziwazi: «Umekuwa ukifikiria kujiua?» Swali hilo halimpi mtu wazo, mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, asibaki peke yake, na sumu ya panya, viuatilifu vya shambani na akiba ya vidonge vitoke nyumbani siku hiyo, siyo kesho. Dawa atapewa za siku chache kwa mkono wa ndugu mmoja. Kisha mrudi kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Akiwa mzima: andikeni

Ombeni barua ya daktari yenye tarehe alizougua. Itahitajika kazini pamoja na ED, yaani cheti cha kupumzika kazi kwa ugonjwa, na itahitajika zaidi kwa wenye kikoba na waliomkopesha. Mtu mmoja wa familia aende kuongea nao kabla hawajaja nyumbani.

Halafu kaeni naye, akili ikiwa imetulia, aandike mwenyewe kwa mkono wake ukurasa mmoja: dalili zangu tatu za mwanzo ni hizi; mtu ninayemsikiliza ni huyu; nikikesha usiku wa pili nipelekwe hapa; kadi na simu yangu akae nazo fulani; dawa iliyonidhuru ni hii, iliyonisaidia ni hii; watoto walale kwa nani. Na la misiba, maana itakuja tu: nitazika, nitapika, nitachimba kaburi kama wengine, lakini saa nne usiku naondoka kwenda kulala, na fulani ndiye atakayewaeleza wazee. Nakala moja ikae kwa huyo fulani, nyingine iingie kwenye faili lake la kliniki.